Mugesi, Vyombo Vyako Vimerudi Jikoni

Mugesi, mwenzangu,

Bwana asifiwe. Habari za huko? Miguu imeacha kuvimba? Ile presha imekuachia sasa? Najua watu wakisikia watasema Mama Wankuru amechanganyikiwa, anamuuliza marehemu hali yake. Waseme. Mimi nilikuulizaga hali kila asubuhi ukifungua mlango wa darasa letu la kompyuta pale kanisani, na sijasikia mchungaji akihubiri kwamba niache. Kama tunayoyaimba tunayaamini, basi upo mahali, na aliye mahali ana hali. Sisi hapa Buhare ni wazima kwa neema ya Mungu. Baba Wankuru tu ndiye amenuna kwa ajili ya ndala zake, habari hiyo utaipata huko mbele.

Naandika kwa ile kompyuta ya dirishani, ile ambayo herufi M iling'oka ukabandika kifungo cha koti. Kila nikiandika jina lako naanza na kifungo. Vidole vyangu bado vizito, unavijua, vimezoea kuparua samaki. Kwa hiyo ukiona nimechelewa kumaliza sentensi usidhani nalia. Mara nyingine natafuta herufi tu. Mara nyingine nalia.

Nikuambie ya msiba wako kwanza, maana wewe hukuyaona.

Tulikupeleka Buswahili kama ulivyotaka, ukalala jirani na mama yako. Kwaya tuliimba mpaka sauti zikakauka. Viti vya plastiki vya kanisa vilienda na lori, na Mzee Masatu mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya majengo, alikaa juu ya lori akivishika visianguke. Nakuambia hilo mapema ili ujue kwamba huyu mzee hakukuchukia. Alikulilia. Alitoa na miwani akaifuta mbele za watu. Yaliyofuata ni mambo mengine.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu zako wakafanya kama desturi inavyotaka: vitu vya marehemu virudi nyumbani vigawanywe. Walishatuma pikapu huku Buhare kukusanya. Wakachukua vya chumbani kwako, kitanda, masanduku, nguo. Kisha wakauliza, na kule darasani kuna vyake? Kijana mwenye funguo akasema vipo, kompyuta ni za kanisa ila vile vingine vyote alivitengeneza mwenyewe. Hakudanganya. Ndiyo maana sikuweza kumgombeza hata nilipotaka.

Basi, Mugesi, vilipomwagwa pale uwanjani Buswahili, juu ya turubai, sikujua nicheke au nizimie. Wewe miaka yote umetoa vitu jikoni ukavifanya vya kompyuta. Shangazi yako mkubwa aliviangalia mara moja akavirudisha jikoni! Zile pedi za mausi, ulizoshona kwa kanga juu na tyubu ya baiskeli chini ili zisiteleze, akazishika, akazikunja, akasema, "Huyu mtoto alikuwa na akili, tazameni vishikio vya sufuria." Akawagawia wakwe. Vile vigoda ulivyokata miguu ili kioo cha kompyuta kikae usawa wa macho, akakalia kimoja magoti yakamgusa kidevu, akauliza ni nani mpumbavu aliyekata miguu ya vigoda vizuri. Wajukuu wakapewa. Stendi za laptopu, za waya wa hanga, wakasema ni za kuanikia sahani. Chujio la chai ulilolivisha soksi ya nailoni tukarekodia kwaya bila maiki kupuliziwa pumzi, wakaivua ile soksi wakaitupa, chujio likaenda kwa shangazi. Na karai. Karai letu la netiweki! Akaliinua juu, jua likapita kwenye lile tundu la katikati, akasikitika kweli kweli: "Karai zima hili, nani kalitoboa?"

Nilisimama. Nikasema, mama, samahani, hivyo ni vya kompyuta. Uwanja mzima ukanigeukia. Mjomba wako mmoja, yule mwenye fimbo, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe ni rafiki. Rafiki analia na sisi, kwenye kugawana hana kauli." Nikakaa. Hapo walikuwa na haki yao, ni desturi, na kwetu pia iko hivyo hivyo. Lakini moyo wangu haukukaa, ulibaki umesimama palepale.

Tukarudi Buhare. Jumatatu nikafungua darasa, maana siku ile ya mwisho hospitalini uliniambia maneno machache tu, na moja ya maneno hayo lilikuwa, "Usikubali wakafunga." Hukusema usilie. Hukusema niangalizie hiki au kile. Ulisema usikubali. Nikaja na ufunguo wangu, nikaomba mlangoni kama ulivyoombaga, nikaingia.

Mwenzangu we, kompyuta zilikuwa zimekaa pale mezani kama kuku walionyonyolewa. Hakuna pedi, mausi ikawekwa juu ya ile meza ya vigae vinavyong'aa, mshale ukawa unaruka huku na huku kama panzi. Mama Ghati, fundi cherehani wetu, akasema, "Hii mausi imelewa." Laptopu zikalala bapa mezani, zikapata moto, zikajizima moja baada ya nyingine. Netiweki hakuna, modemu bila karai inasikia mnara wa kule kilimani kama mimi nisikiavyo mahubiri ya Kizungu. Binti mmoja alikuja kutuma maombi yake ya chuo akakaa, akasubiri, akaaga. Mpaka mchana nilibaki peke yangu na Mama Ghati, na yeye alibaki kwa sababu ananihurumia.

Ndipo Mzee Masatu akaingia. Akaangalia vizuri, akakaa, akanena kistaarabu. Viti vya kanisa vinakaa nje nyuma ya jengo, jua limevipasua, ndege wamevijaza vinyesi, na ndivyo tunavyokodisha kwenye harusi na misiba tukapata cha kununulia saruji. Kamati inatafuta stoo. Kamati imeona chumba hiki. Akasema, "Mama Wankuru, tuseme ukweli mbele za Mungu. Darasa limekufa na mwenyewe. Jumatatu ijayo tukikuta watu wanajifunza, sawa. Tukikuta hivi, tunaingiza viti." Akasimama. Kisha akaongeza neno ambalo hakulazimika kuongeza. Akasema, "Na wewe umri huu na darasa lako la saba, pumzika mama, hukuzaliwa kwa ajili ya haya."

Mugesi. Wewe unajua nilivyo. Nikikosewa mimi naweza kumeza. Lakini kusema limekufa na mwenyewe! Kwani ulikuwa mshumaa?

Nikakumbuka kile kisa chako cha Bunda ulichopendaga kusimulia. Ulipokuwa unachapa barua kwenye kile kibanda cha steshenari mtaa wa Manyamanyama, mausi yako haishiki, ukaenda duka la vifaa kuulizia pedi. Mwenye duka akataja bei ya kunyonga mtu. Ukasema ni ghali. Akakwambia, "Mama, kama huna, nenda kasonge ugali." Na wewe ukamjibu, "Ugali nitasonga, na kompyuta nitatumia." Ukatoka, ukapita kwa fundi viatu, ukaokota ndala kuukuu ya mguu mkubwa, ukaikata ubavuni, ukaibandika kitambaa, ukarudi kazini ukachapa mpaka jioni. Ulikuwa ukisimulia unaiga ile sauti ya mwenye duka, ya puani, sisi tunacheka mpaka tunashika meza. Sasa hivi ndiyo nimejua hukuwa unatuchekesha. Ulikuwa unatufundisha namna ya kukasirika.

Kwa hiyo Alhamisi nikafunga kilemba nikaenda Buswahili. Nilijiambia nitaongea na shangazi kwa adabu, mama kwa mama, nitamweleza, atanirudishia. Nikabeba na sukari.

Alinipokea vizuri mno. Akaninyang'anya mkoba, akaniita mwanangu, akaweka kigoda chako kilichokatwa miguu nikae. Nikakaa magoti juu. Mkwe akaepua chungu cha maharage kwa pedi ile ya kanga ya maua mekundu, ile uliyonipa mimi niitumie siku ya kwanza nilipoogopa kushika mausi, ukaniambia, "Ishike kama unavyoshika kifaranga, usiibane." Nikaangalia ile pedi imeshika moto, masizi yameingia kwenye maua. Kisha chai ikaja, na shangazi akaichuja mbele yangu. Kwa chujio letu.

Mugesi nilikunywa ile chai. Tamu, maziwa mengi. Sauti zetu zote zilipita kwenye lile chujio, ile sopurano ya Mama Ghati inayopanda kama ndege, na wewe alto, na sasa majani ya chai. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikamwambia shangazi, mama, hili alikuwa analitumia kwenye kompyuta. Akanitazama juu ya miwani. "Kwenye kompyuta alikuwa anachuja nini, maneno?" Nikamwambia ndiyo mama, tena kweli, alikuwa anachuja sauti, pumzi inabaki huku, wimbo unapita kule. Akanywa funda moja. Akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana chai inatoka laini."

Nilipoomba sasa, kwa utaratibu, kwamba ninavihitaji vyote maana kanisa linafunga darasa, alinishika mkono. Akaniambia kitu cha marehemu kikishagawanywa hakirudi. Akirudisha yeye, kesho mwingine atadai na yeye kilichoenda kwa mwenzake, na ukoo utagawanyika kwa sababu ya karai. Tena karai lenyewe alishalipeleka kwa fundi bati, limezibwa tundu, anakaangia maandazi. Alinionyesha. Limezibwa vizuri kweli. Machozi yakanitoka pale pale, na yeye akalia, akadhani nakulilia wewe tu. Na ni kweli nilikulilia. Akanipa kuku wa kurudi naye.

Nilifika kituoni kusubiri gari na yule kuku chini ya kwapa, nimeshindwa, hasira zimenijaa hata kuomba siwezi. Nikawa naangalia kile kiduka cha pembeni: ndoo, vibanio vya nguo, hanga, ndala, chujio la chai, karai zinaning'inia kwa kamba. Nikaangalia kwa muda mrefu. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, unataka kununua au unataka kununua?" Watu wakacheka. Na mimi nikaanza kucheka, Mugesi, peke yangu na kuku, nacheka. Kwani shangazi alichukua nini? Alichukua chujio. Kwangu lipo chujio. Alichukua kanga kuukuu. Kabati langu limejaa kanga kuukuu. Hukuwahi kutuachia vitu, mwenzangu, wewe ulituachia macho ya kuangalia. Nimezunguka nchi nzima kuomba kirudi kitu ambacho kiko jikoni kwangu.

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya niliwazuia wanawake mlangoni. Nikawaambia, nendeni nyumbani, kila mmoja arudi na kitu ambacho jikoni kwake kimechoka au kimezidi, na mkasi, na gundi kama ipo. Mama Ghati akauliza kama tunaenda kuoza mtu. Nikamwambia tunaenda kufufua. Akatoka mbio.

Ungeona. Wamekuja na mifuniko ya ndoo, tyubu za pikipiki, mahanga, vibanio, sponji, boksi za sabuni, kreti la soda. Mama mmoja kaja na ungo mzima, nikamwambia huu bado mzima, akasema, "Kwa ajili ya Mugesi niache nitoe kizima." Mama Ghati akaingia na cherehani yake kichwani. Tukakaa chini pale darasani, tukakata, tukashona, tukagombana. Pedi za kwanza zilikuwa kubwa kama mito, tukazipunguza. Kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu vizibo vya soda: laptopu ya mwisho ilikosa stendi, hanga zimeisha, ikabidi tuinue pembe zake kwa vizibo ili ipumue chini, na nilipobandika vya soda, mwanamke mmoja akasema vizibo vya bia ni imara zaidi. Tukamwangalia. Akasema ameviokota njiani. Basi kwaya nzima ikaangua kicheko, na tukavitumia, Bwana atusamehe, na laptopu inapumua vizuri kabisa.

Kuna aliyeweka vitabu vya nyimbo chini ya kioo ili kiinuke. Nikavitoa. Najua ungevitoa. Ulisemaga kioo kinaweza kukaa juu ya kreti, neno la Mungu halikai chini ya kioo.

Ndala za Baba Wankuru ndipo zilipokwenda. Nilihitaji kitu kizito cha kukazia chini ya mkono wa kushikia maiki ya kwaya, na soli zake nene. Alirudi nyumbani akatafuta, akauliza, nikamwambia ziko kazini. "Kazini wapi?" Kanisani. Akasema, "Mwanamke huyu, ndala zangu zimeokoka kabla yangu." Yuko palepale mpaka leo, amenuna, ila Jumapili nimemwona akichungulia dirishani kuziangalia.

Limebaki karai. Karai la kukaangia samaki ninalo moja, na unajua ndilo linalonipa chumvi na ada za watoto. Wanawake wakaniangalia. Wakasema tutachanga tununue, tusubiri wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikachukua msumari na nyundo. Baba Wankuru alikuja kunifuata, akasimama mlangoni akasema, "Ukilitoboa utakaangia nini?" Nikamwambia nitakaangia sufuria. Akasema samaki watashikana. Nikamwambia washikane, mbona na sisi tumeshikana. Nikagonga.

Halafu nikatoka nalo nje juani, na hapo, mwenzangu, ndipo nilipokukosa kuliko pale makaburini. Maana hiyo kazi nilikuona ukiifanya sikuwahi kuifanya. Nikafunga macho kukumbuka. Unaelekeza karai kwenye jua kama unampokelea mtu mvua. Unaingiza kiganja, unakipitisha polepole, kutoka chini kuja juu. Ulisema jua litakuonyesha mwenyewe, pale kiganja kinapochomwa ndipo miale yote inapokutana, na netiweki nayo inakutana hapohapo, modemu ikae hapo, isipande isishuke. Nikapitisha. Sikusikia kitu. Nikageuza karai kidogo. Nikapitisha tena. Nikasema, Mungu wangu, mkono huu hausikii moto tena, mafuta ya samaki yameua ngozi. Nikawaita wanawake, mmoja mmoja akaingiza mkono, na Mama Ghati ndiye aliyepiga ukelele, "Hapa! Hapa pananichoma!" Nikashika kiganja chake pale alipokiacha, tukafunga modemu kwa waya uliopitia lile tundu, tukapandisha karai kwenye mti wa bendera, tukaligeuzia kilimani kwenye mnara.

Nikarudi ndani nikafungua. Inazunguka. Inazunguka. Kisha ukurasa ukaja wote, na picha zake.

Hatukuimba wimbo wowote wa kupanga. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja.

Jumatatu sasa. Nilikuwa na hofu, sitakuficha. Nilifunga kula tangu asubuhi. Watu wakaanza kuja, yule binti wa maombi ya chuo akarudi na wenzake, wanawake wa kwaya, mzee mmoja anayetaka kuandika barua kwa mwanawe. Chumba kikajaa, mabenchi hayakutosha, wengine wamesimama ukutani, wengine wamekalia madumu. Joto. Mimi nipo katikati namshika mtu mkono juu ya mausi namwambia ishike kama kifaranga.

Tukasikia lori, viti vinatoka harusini. Vijana wakaanza kushusha viti, kwa kelele zile za plastiki, wanavipanga mlangoni. Mzee Masatu akaingia mbele yao. Akasimama. Akaangalia zile pedi za rangi rangi, yale makreti, ndala za Baba Wankuru, akaangalia watu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Wankuru, hivi ni vitu gani? Wageni wakija wataona kanisa letu limekuwa jalala." Nikamwambia mzee, wageni wakija watakuta watu wanajifunza, kama ulivyosema wewe. Akasema ndiyo nilisema, lakini lori nimeshalikodi, na mawingu haya unayaona. Na kweli mawingu yalikuwa yameshuka juu ya ziwa, meusi.

Hapo Mungu alinipa kinywa, maana sikukipanga. Nikasema, mzee, ingiza viti. Wanawake wakaguna. Mama Ghati akaniita kwa jina langu la ubatizo, na hilo halifanyiki. Nikasema, ingiza viti vyote, vipate paa. Ila mtu hatoki. Tunapangua viti tunakalia, jioni tunavibebanisha ukutani wenyewe, ukipata harusi njoo uvichukue, ukipata msiba njoo uvichukue, ukimaliza virudi. Wewe umepata stoo na wafagiaji. Sisi tumepata pa kukaa. Na kama kamati inataka chumba kitupu, basi kamati ije yenyewe inyanyue mtu mmoja mmoja kwenye hivi viti, ianze na mimi, na mimi nitamshikilia yule atakayenishika.

Nikavuta kiti cha kwanza kutoka kwa kijana mlangoni. Nikakaa.

Mvua ikaanza. Mzee Masatu akaangalia nje, akaangalia ndani. Watu wote nao walikuwa wameshavuta viti mlangoni, wamevishika. Akavua kofia, akapanguza kipara, akasema, "Wewe mwanamke mbishi kama marehemu." Akawageukia vijana, "Ingizeni, ingizeni, vinalowa!"

Mbishi kama marehemu. Mugesi, nilienda shule miaka saba na sikuwahi kupata cheti kizuri kama hicho.

Sasa darasa lina viti, vingi kuliko watu, tumebanana kidogo, hatulalamiki. Samaki nakaangia sufuria na kweli wanashikana, wateja wananicheka. Shangazi yako ametuma salamu kwa mtu wa gari, anauliza kama anaweza kuja kuusikia ule wimbo uliopita kwenye chujio lake. Nitampokea. Nitamkalisha kwenye kiti cha kanisa.

Nimeandika vingi, mkono umechoka. Kifo kimekuchukua wewe, na hilo sijalizoea na sitalizoea, nikipita chumba chako nageuka kama mtu ameniita. Lakini kilichokuwa mikononi mwako, kifo hakikukiona. Kilikuwa kimeshahamia kwetu. Hawatafunga. Nakuahidi mbele za Mungu aliyetuumba sote wawili wabishi, nikiwa na pumzi hawatafunga, na nikiishiwa pumzi Mama Ghati kiganja chake kinajua jua linapochoma.

Lala salama, mwenzangu. Wasalimie wetu waliotangulia, mama yako umwambie nilikuja mpaka Buswahili na sikukaa kitako bure. Barua hii nitaichapa, nitaisoma kwa sauti kaburini tukija kupanda maua.

Nijibu mapema, tafadhali. Kwa ndoto, kwa wimbo, kwa vyovyote wanavyowaruhusu huko. Usikawie.

Ni mimi,
Mama Wankuru, Buhare